Kwa Boke, Anayekwenda Kuamsha Mashine za Watu

Migori, Jumapili jioni

Boke mwanangu,

Kukusalimu kwa barua wakati nakusikia chumba cha pili ukibishana na baba yako juu ya kamba ya sanduku ni wazimu, kwa hiyo salamu naziruka. Mengine pia nitayaruka. Sitakuambia ule vizuri, maana wewe kula hujawahi kuhimizwa tangu unyonye. Sitakuambia pesa uzifiche wapi wala kanisani uvae nini. Nyanya yako amekuambia hayo yote leo mchana ulipokwenda Ndhiwa kumuaga, na namjua, ameyarudia ukiwa umeshafika barabarani. Watanzania watakucheka Kiswahili chako. Wacha wacheke, wakishamaliza watakuomba uwatengenezee mashine.

Na naandika kwa Kiswahili hicho hicho kwa sababu ndicho kilichokulea. Baba yako ni Mkuria wa Isebania, mimi ni Mjaluo wa Ndhiwa, na tulipooana kila mmoja aliapa kujifunza lugha ya mwenzake pindi mwenzake atakapoanza. Hakuna aliyeanza mpaka leo. Wewe ukazaliwa ukakuta tunagombana kwa Kiswahili na kupatana kwa Kiswahili, ukadhani kila nyumba iko hivyo.

Ninalo jambo moja. Tangu yule mwalimu mkuu wa shule ya misheni ya upande wa Musoma aje hapa shuleni kwetu, akakukuta umeinama juu ya mashine, akakueleza kwamba wamepewa kontena zima la kompyuta za zamani kutoka ng'ambo na zote hazina kitu ndani, umekuwa mtu wa kusema ndiyo kwa mdomo na hapana kwa macho. Anataka mtu wa kuziamsha na kuwafundisha walimu wake. Kazi hiyo imekatwa kwa kipimo chako. Lakini wewe ulikataa kwanza, na swali lako lilikuwa moja tu: "Na za kwetu je, Mama? Nani atakuwa anaziamsha?" Baba yako alikubembeleza mpaka ukakubali, kwa sharti lako mwenyewe kwamba kila mwisho wa mwezi utapanda gari, uvuke mpaka, uje uzikague. Nilinyamaza, ukadhani nimefurahi. Sikufurahi, Boke. Mtu haendi mahali huku mguu mmoja ameuacha nyumbani, na mimi sitaki kuwa mama aliyeushika huo mguu.

Kwa hiyo nisikilize nikukumbushe tulivyofika hapa. Najua ulikuwepo. Lakini ulikuwa kidato cha pili, na mengine niliyokuwa nayo moyoni hukuyaona.

Unakumbuka shule yetu ya taipu ilivyokuwa, chumba kimoja nyuma ya duka la dawa, na taipu zangu zikipiga kelele mpaka mwenye duka anagonga ukuta. Nilijivunia kelele ile. Halafu kikafunguliwa kile chuo juu ya stendi, chenye kompyuta na mapazia, na wasichana wangu wakaanza kunipotea. Hawakuaga. Unamkuta Jumatatu kiti chake kitupu, Jumanne unamwona akipanda ngazi za jirani. Ndipo niliposikia kwamba mradi mmoja wa maji unafunga ofisi Homa Bay na unauza kompyuta zake. Tulikwenda mimi na wewe. Nilizichagua tatu kwa sura, zile zilizokuwa na nyuso safi, kama mtu anayechagua mchumba kanisani.

Mzee Odongo, yule mtunza stoo, ndiye aliyetupa neno tunalolitumia mpaka leo. Wenye mradi walikuwa wamefuta kila kitu ndani kabla ya kuondoka, karatasi zao zisisomwe na watu, kwa hiyo ukiwasha unaona giza tu na kijimstari kinachopepesa. Niliogopa. Akasema, "Ziko mzima kabisa, mama. Zimelala tu. Unaamsha." Akaingia stoo, akatoka na boksi la disketi zile kubwa nyeusi zinazopinda. "Chukua na hii. Hii ndiyo DOS yenyewe. Bila hii, hiyo mashine ni kabati."

"Ni za mwaka gani?" nikamwuliza.

"Ah, za kitambo. Lakini hata mashine ni ya kitambo."

"Mimi sikutoka Migori kuja kubeba takataka, mzee. Nitanunua mpya."

Ulinivuta nguo. Nikakupiga kikofi cha mkono, tena mbele za watu. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi siku ile nilikuwa nakwenda kukitafuta kidonda changu nikiimba.

Mpya ilikuja na yule kijana fundi wa Kisumu, mwenye shati jeupe na tai. Alikuja na Windows yake kwenye disketi ndogo ngumu, akapiga magoti mbele ya mashine, akatazama ule mdomo wake mpana, akacheka. "Madam, hii slot ni ya zile kubwa. Na hata kama ingeingia, memory yenyewe ni kidogo hivi, Windows italala wapi? Hii inataka DOS ya zamani. Kama huna, weka maua juu." Mimi nilikuwa natafuta neno la kumrudishia. Wewe ulimwuliza kwa upole, "DOS ya ngapi?" Akasema tatu nukta tatu, au hapo hapo karibu, na ukaiandika kwenye kiganja.

Nimefikiri sana juu ya siku hiyo. Tulisikia maneno yale yale sisi wawili. Mimi nilisikia tusi, wewe ukasikia jibu. Mpaka leo mtu akinicheka nachelewa kusikia anachosema, na naomba jambo hilo usilirithi kwangu, maana kiburi hicho nilikipata kwa mama yangu na yeye sijui alikipata kwa nani. Mashine ile haikuwa na shida na uzee wake. Ilitaka kitu inachoweza kukibeba. Nimewafundisha taipu wasichana wengi kwa kuwapa kile kilichokuwa kipya kwangu, nikashangaa kwa nini kinawaelemea.

Basi tukaanza kutafuta kitu cha zamani, na hapo ndipo nilipojua kwamba cha zamani ni kigumu kupatikana kuliko kipya. Kipya kinauzwa. Cha zamani kiko mahali fulani kwa mtu ambaye hajui kwamba anacho. Baba yako aliuliza huko Isebania mpakani, kwa wale wanaoandika karatasi za malori, mpaka akampata wakala mmoja aliyekuwa bado anatumia mashine ya aina yetu. Akaazimwa disketi mbili, ya kuanzishia na ya pili yake. Yule wakala alimwambia, "Mwita, hii ni roho ya ofisi yangu. Jumatatu nataka kuiona."

Zikafika hapa Ijumaa, jua limeshaanza kuteremka.

Wewe na mimi ni Wasabato, na Ijumaa ni siku ya maandalio. Nilikuwa nimeshapika, nguo za kanisani zimepigwa pasi, nyumba imefagiliwa. Uliniambia, "Mama, si tungoje Jumapili?" Nikakuambia hiyo ni kazi ya dakika chache. Nani aliniambia ni ya dakika chache? Hakuna. Nilitaka tu Jumatatu wasichana wakute kioo kinawaka. Tukaanza. Tukakosea kuigawa pande mbili ile diski ya ndani, ghala la mashine, tukarudia. Tukakosea tena. Mara ya tatu ikakubali, ikaanza kuandaliwa ipokee DOS, na kila nikitazama dirishani ukuta wa duka la dawa unazidi kuwa mwekundu.

Baba yako ni Mkatoliki, na alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. "Mama Boke, imebaki kidogo. Si umalizie tu?"

"Jua limezama."

"Basi toka, nimalizie mimi. Mimi si Msabato."

"Kwenye nyumba yangu? Kwa mashine yangu?"

"Basi iache, itamaliza yenyewe."

"Ifanye kazi Sabato nzima huku mimi nakwenda kuimba?"

Akacheka. Akasema, "Kwani huyo Mungu wako anaogopa disketi?" Na mimi nikanyoosha mkono, nikazima swichi ya ukutani, taa nyekundu ya disketi ikiwa bado inawaka. Nakumbuka sauti yako, "Mama, disketi!" Lakini mkono ulikuwa umeshakwenda.

Sabato ile niliimba bila kusikia ninachokiimba. Jua lilipozama Jumamosi tukawasha. Mashine ikagugumia, ikatulia, ikaandika kwamba disketi ile haina kitu cha kuanzia. Tulijaribu mpaka wewe ukaanza kulia kimya kimya. Ule upenyo mdogo pembeni, ambao ukibandikwa disketi haiwezi kuandikwa wala kufutwa, hatukuubandika. Hatukujua. Roho ya ofisi ya mtu ilikuwa imetoka mikononi mwetu.

Kwa muda mrefu nilisema Sabato ndiyo iliyotuponza, nikiwa nimejifanya shahidi wa imani. Baadaye nikahamishia kesi kwa baba yako na kicheko chake. Nakuambia sasa ninavyojua: hasira hasara, basi. Sabato haina kosa. Ingenikuta nimekaa kitako nimekunja mikono, kama ningekusikia wewe. Na hata baada ya jua kuzama kulikuwa na njia ya kufungua kile kikomeo cha mdomo wa mashine, kuitoa disketi taratibu, na kuzima kwa amani. Nilizima ili baba yako anyamaze. Huko uendako utakuwa na Ijumaa zako. Kazi isiyoweza kuachwa nusu usiianze jua likiwa limeinama, na ukishaianza, usiikate kwa sababu ya mtu aliyesimama mlangoni.

Na baba yako usimwonee. Jumapili asubuhi aliamka kabla yetu, akavaa koti, akasema, "Twendeni Homa Bay tukaombe ile boksi uliyokataa." Mimi nikajua nimesamehewa na yeye anaomba msamaha, vyote kwa koti lile.

Sehemu inayofuata huwa unaisimulia wewe, tena unaiongezea chumvi. Leo nitaisimulia mimi.

Mzee Odongo tulimkuta kwenye kibanda cha chai nje ya ile ofisi, ofisi yenyewe imeshafungwa kufuli. Nikamweleza. Akasema, "Ile boksi? Si ulisema ni takataka, mama? Mimi nilitupa."

Nilisimama pale na mkoba wangu wa kanisani. Mbele yetu mwenye kibanda, Min Atieno, yaani mama yake Atieno, alikuwa amechuchumaa anapuliza jiko, anapepea, anapepea, na wewe ukanishika mkono kwa kucha. Alikuwa anapepea kwa disketi.

"Mama," ukamwambia, "hiyo kitu umeitoa wapi?"

"Hii? Mzee alitupa, mimi nikaokota. Ni upepeo yangu." Akaendelea kupepea. "Hii kitu ni poa, nyathina, mtoto yangu. Upepo yake inaenda mbali na haichomi mkono. Kwani ni ya nini?"

"Ni ya kompyuta."

"Ayaye! Kompyuta iko na jiko?"

Baba yako alilazimika kugeuka atazame ziwa. Mimi nilicheka mpaka nikaketi, na kicheko kile kilinitoa kitu kifuani ambacho maombi ya siku nzima hayakukitoa. Min Atieno hakutaka kuziachia. Alisema pepeo za sokoni zinafumuka, na hizi zake zina nguvu. Ikabidi baba yako aende sokoni arudi na pepeo za mafunjo zilizofumwa vizuri, na yule mama akazijaribu moja moja kwenye jiko lake mbele yetu, akikunja uso, mpaka akaridhika. Ndipo alipoingia chini ya meza akatoa boksi. Alikuwa amelifunga kwa mfuko wa nailoni. "Moshi ingeziharibu," akasema. "Natoa moja moja ile nyingine ikiisha."

Mimi niliziita takataka. Yeye alizifunga nailoni. Huko Musoma utawakuta watu wanaotumia vitu vyako kwa kazi usiyoijua, na mkono utakuwasha kuwafundisha. Kwanza tazama kama hawajakuwekea boksi mahali pakavu.

Disketi ya pili ilikuwa ndani ya boksi, safi. Ya kuanzishia ndiyo ile aliyokuwa nayo mkononi. Pembe moja ilikuwa imejikunja kwa moto, na majivu na chai vimekauka juu yake.

Tulirudi Migori. Baba yako alisema labda tumrudishie yule wakala ukweli na pole. Wewe ukaomba wembe.

Nilikurukia, Boke. Nilikushika kifundo cha mkono mpaka alama ikabaki. Unajua sheria ya shule yangu: hakuna kufungua kitu. Ulipokuwa shule ya msingi ulifungua taipu yangu moja utazame herufi zinakaa wapi, na nilikuchapa, na ukweli ni kwamba taipu ile uliirudisha ikiwa inapiga vizuri zaidi. Nilijua hivyo na nikakuchapa hata hivyo. Jioni ile uliniambia bila kupandisha sauti, "Mama, kilichoungua ni ganda. Ndani kuna kasahani tu. Nimeshajaribu kwa moja mbovu ya boksi hili, nimeifungua na kuifunga. Niache tu nijaribu."

Sijui nilikuachilia kwa nini. Nadhani nilichoka. Si kila jambo jema tunalolifanya tunalifanya kwa hekima. Ulinawa mikono, ukakausha, ukapasua ganda kwa juu, ukaitoa ile sahani nyembamba ya kahawia kwa kuishika ukingoni, ukaifuta kwa pamba kama mtu anayemfuta mtoto macho. Ukaitumbukiza kwenye ganda zima ulilolifungua kabla. Ukaisukuma kwenye mashine, ukafunga kikomeo. Iligugumia. Ikasaga, ikanyamaza, ikasaga tena, na baba yako akaanza kusema "Basi mwanangu," na kabla hajamaliza kioo kikauliza tarehe.

Ilisema ni tarehe mosi Januari, mwaka elfu moja mia tisa themanini. Mashine zile betri zake za saa zilikufa zamani, na kila zikiamka zinaanza kuhesabu kutoka hapo. Ndio mwaka uliozaliwa. Wanafunzi hucheka kila asubuhi. Mimi huwa naiangalia kidogo kabla ya kuirekebisha.

Kilichofuata unakijua. Kabla ya kugusa kitu kingine chochote ulibandika vile vipenyo na ukatoa nakala, ukaandika kwa chaki ukutani "Kwanza nakala," na maneno hayo mpaka leo sijayafuta. Wakala wa Isebania alipata disketi yake, tumeiandika upya, Jumatatu ile ile, na nakala ya ziada juu, akamwambia baba yako kwamba tangu aanze kazi hajawahi kumwazima mtu kitu kikarudi kimezaa. Mashine zote tatu zikaamka. Baadhi ya wasichana wakarudi, wengine hawakurudi, na waliorudi walitutosha. Tumekula kwa zile mashine, umemalizia shule kwa zile mashine, na hakuna siku nimeingia pale nikatamani kuwa mahali pengine. Nataka ulijue hilo. Maisha yangu nimeyapenda.

Lakini tangu siku ile ya wembe tulianza kosa lingine, na hili tumelifanya wote wawili kwa upendo. Mashine ikigoma, unanisogeza kwenye kiti. "Wacha, Mama, nitafanya." Na mimi nasogea. Nilianza kusogea kwa fahari, kwa sababu nilikuwa nimejifunza kukuachia mkono. Baadaye nikawa nasogea kwa uvivu. Nimefundisha watu wazima hapa kwa miaka kwamba vidole havijifunzi kwa kutazama, na wakati huo huo nimekaa nyuma yako nikitazama. Ndiyo maana swali lako lilikuwa na haki: nani ataziamsha? Uliniuliza ukijua jibu, na jibu lilikuwa hakuna mtu. Utakapowafundisha wale walimu, mkono wako utataka kuwasogeza, maana una haraka kama yangu. Ukalie mkono huo. Wacha waharibu, mradi nakala ipo.

Sasa nikuambie nilichofanya leo. Ulipoondoka tu kwenda Ndhiwa, nilifungua shule. Nilichukua ile mashine ya dirishani, nikatoa kazi zote za wanafunzi kwenye disketi, nikazihakiki, kisha nikaifuta. Yote. Makusudi. Nikaona giza na kijimstari kinachopepesa. Baba yako alikuja mlangoni na kikombe chake. Akataka kusema kitu, nikamtazama, akarudi zake.

Nilianza mwanzo kabisa. Nilibandika upenyo, nikafanya nakala, nikaigawa diski, nikaiandaa, nikaihamishia DOS. Nilikosea njiani, nikajua nimekosea, nikarudia. Kuna mahali nilinyanyuka niende dukani kupiga simu kwa jirani wa nyanya yako ili wakuite uniambie la kufanya. Nilifika mlangoni, nikarudi nikakaa. Na jioni, kabla hujaingia, iliniuliza tarehe.

Haikuamka sawasawa, nikuambie ukweli. Unajua DOS yetu haiwezi kuhesabu zaidi ya megabaiti thelathini na mbili kwa mara moja, na diski ile ina arobaini, kwa hiyo lazima upande wa pili utengewe jina lake. Nilisahau. Mashine inafanya kazi lakini haijui kwamba ina upande wa pili. Nimekaa nikaisoma mpaka nikaliona kosa langu, mwenyewe, bila mtu. Jumanne nitaifuta tena niirudie. Na ikinishinda Jumanne, kuna Jumatano.

Ile safari yako ya kila mwisho wa mwezi, kwa hiyo, naifuta nayo. Usije kukagua mashine. Njoo Krismasi, njoo ukiwa na hamu ya samaki, njoo na mtu unayetaka tumwone, au njoo tu kwa sababu umenikumbuka na huna sababu nyingine. Nitalia ukiondoka, usinisumbue kwa hilo. Nalia kwa sababu nitakukosa, wala si kwa sababu nimekwama.

Nawajua vizuri, wewe na mkono wako. Ungeisoma barua hii hapa nyumbani, ungeshusha sanduku ukakimbilia mashine ya dirishani kunitengenezea ule upande wa pili, na gari lingekuacha. Ndiyo maana nimempa baba yako, na nimemwapisha kwa Kiswahili asikupe Migori, asikupe njiani, asikupe hata Isebania mkinywa chai. Akupe Sirare, upande wa pili wa mpaka, ukishagongewa muhuri.

Basi umeshagongewa. Hizi za huku ni zangu. Nenda kaamshe zako.

Mama yako